Historia ya nyumba ya zamani Tanga au Bagamoyo: uanzie kwa wazee, ofisi ya ardhi, nyaraka za Dar au ukutani?

Mtu akirithi au akinunua nyumba ya zamani Tanga mjini au Bagamoyo, swali la kwanza huwa ni "hii imejengwa lini?" Afu ndani ya hilo swali kuna maswali mengine yamejificha, nani alijenga, nani aliinunua baadaye, nani aliishi humo na walifanya nini. Watu wanayachukua yote kama swali moja, wanatafuta ofisi moja itakayowajibu, na hiyo ofisi haipo. Kuna wazee, kuna ofisi ya ardhi, kuna nyaraka za serikali, kuna picha, na kuna nyumba yenyewe. Kila mmoja ana anachokijua na kila mmoja ana asichokijua hata ukamkalia mwaka mzima.

Msimamo wangu nauweka mapema ili ukisoma ujue nimeegemea wapi: tafuta JINA kwanza, karatasi baadaye. Manake nyaraka zote za zamani zimepangwa kwa ofisi, kwa mada au kwa jina la mtu, hakuna faili limeandikwa "ile ghorofa ya kona yenye baraza ndefu". Ukienda Dar bila jina la mmiliki hata mmoja wa zamani utafungua mafaili mpaka macho yaume.

Wazee

Kwa wengi hii ndo njia ya kuanzia na kwangu iko juu ya zote, sababu ya kwanza ni hesabu tu. Mzee wa miaka 80 leo amezaliwa katikati ya miaka ya 1940, kwa hiyo anachokumbuka kwa macho yake ni kuanzia miaka ya 1950, Mwingereza bado yupo. Anachosema kuhusu enzi za Mjerumani amekisikia kwa bibi yake au babu yake. Huyo mzee akiondoka, ule mlolongo wa bibi na babu umekatika na hakuna ofisi inayoutunza. Hati itakuwepo mwakani, mzee hatujui.

Anachokijua mzee ni majina na undugu. Nani alikuwa mke mkubwa, nani alipangisha chini duka, nani alikwenda Mombasa hakurudi, kesi ya mirathi iliishia wapi, kwa nini ule mlango wa uani uliziba. Na hapa nisisitize kitu ambacho watafiti wengi wanakiruka, waulizeni kina bibi. Wanaume watakwambia nani aliuza na kwa nani, ila bibi ndo anajua nani kazaliwa chumba gani, harusi zilifanyikia wapi, jiko lilikuwa wapi kabla halijahamishwa, kisima kipo chini ya sakafu ipi. Mtu akiishia barazani kwa wazee wanaocheza bao amepata nusu ya nyumba, nusu ya mbele.

Asichokijua mzee ni mwaka. Usimuulize mwaka kabisa, muulize jambo lililo karibu nalo. "Bibi, ulikuwa umeshaolewa?" "Ilikuwa kabla ya uhuru au baada?" "Lile Azimio la Arusha lilipotangazwa, hapa alikuwa anakaa nani?" "Vita ya Kagera wapangaji walikuwa hawa hawa?" Uhuru ni 1961, Azimio ni 1967, Kagera ni 1978 hadi 1979, basi unajipangia mwenyewe taratibu. Siku ya kwanza nenda mikono mitupu, shikamoo zako, kaa, sikiliza, eleza wewe ni mtoto wa nani au umefikaje kwenye hiyo nyumba. Habari za nyumba ni habari za mirathi na mtu akikuona na daftari na simu imewashwa kurekodi anadhani umetumwa na mtu wa upande wa pili wa kesi. Ruhusa ya kurekodi iombe baadaye, na ukipewa, rekodi kweli, usitegemee kichwa.

Kuna mambo mawili ya kuyaangalia sana. Tanga kila nyumba yenye ukuta mnene inaitwa "ya Mjerumani", na nyingi kati ya hizo zilijengwa na wafanyabiashara wa Kihindi au ni za enzi za Mwingereza. Bagamoyo nako kila jengo la mawe lenye chumba chenye giza utaambiwa lilifungiwa watumwa. Biashara hiyo ilikuwepo na ilikuwa ya kutisha, lakini pembe za ndovu, kopra na nguo nazo zilihitaji maghala, na nyumba yako inastahili kusemwa kilichotokea humo kweli. Pia "nyumba ya Bwana fulani" mara nyingine huyo Bwana hakuwa mwenye nyumba, alikuwa mpangaji wa duka la chini aliyekaa miaka mingi mpaka jina likashika.

Ofisi ya ardhi na hati

Hapa ndo kwenye mmiliki na tarehe za kuuziana. Unachohitaji ni namba ya kiwanja na kitalu, ukiwa nazo unaomba upekuzi, unalipa ada, unapewa kilichopo kwenye daftari. Kama nyumba haina hati kuna ofa ya zamani, stakabadhi za kodi ya jengo, karatasi za mauziano zilizogongwa muhuri na serikali ya mtaa, barua ya mahakama ya mirathi. Fungua masanduku ya nyumbani kwanza kabla ya kwenda ofisini, mara nyingi karatasi nzuri ziko kwenye mkoba wa marehemu chini ya kitanda, na usitupe karatasi kisa imeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Inaweza kuwa Kiswahili kitupu, mwalimu wa madrasa au mzee aliyesoma zamani atakusomea. Hata pesa zilizotajwa humo zinasaidia: karatasi ikitaja heller ujue ni kuanzia 1904, ndo mwaka Mjerumani alipoigawa rupia kuwa heller 100, kabla ya hapo rupia ilikuwa pesa 64.

Sasa mlinganisho wenyewe wa miji. Tanga ofisi ya ardhi inalipa zaidi kuliko Bagamoyo, hayo ni maoni yangu ila yana sababu. Tanga ilipimwa, reli ilianza kujengwa pale 1893 na ikafika Moshi 1911, mkonge ukaleta pesa, viwanja vikauzwa na kuuzwa tena, na eneo la Ngamiani limepangwa kwa barabara za namba hadi leo mtu anakuelekeza "barabara ya kumi" na unafika. Mji wa namna hiyo unazaa karatasi. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani mpaka 1891 yalipohamia Dar, biashara ikafuata, na nyumba nyingi zikabaki ndani ya familia zikipita kwa mirathi bila mtu kwenda kuandikisha. Unaweza kukuta daftari linaanza juzi juzi tu wakati nyumba ina miaka zaidi ya mia.

Ukiwa Tanga lazima ujue sehemu tatu ambazo mlolongo wa wamiliki unaruka. Ya kwanza ni vita ya kwanza, Waingereza waliingia Tanga Julai 1916 na baada ya vita mali za Wajerumani zilishikwa kama mali za adui kisha zikauzwa, kwa hiyo ukiona jina la Kijerumani linakatika ghafla na linalofuata ni la Mhindi au Mgriki, usidhani kuna karatasi imepotea. Ya pili ni mabadiliko ya sheria baada ya uhuru, zile milki za ardhi za kudumu (freehold) zikageuzwa kuwa za kupangishwa na serikali kuanzia 1963, baadaye zikawa hati za kumiliki ardhi kama tunavyozijua, na namba zinaweza kubadilika njiani. Ya tatu ndo kubwa, 1971. Sheria ya kutwaa majengo ilichukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, zikawa chini ya Msajili wa Majumba, na 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa (NHC). Ndo maana wazee wa Tanga mjini bado wanasema "hiyo ni nyumba ya Msajili". Ukisikia hilo neno, faili lako halipo ardhi peke yake, liko pia NHC, na jina la mwenye nyumba wa kabla ya 1971 ndo funguo unayoitafuta.

Hati haikwambii kama jengo lililosimama leo ndo lile lile. Kiwanja kimeuzwa 1928, sawa, ila je nyumba iliyokuwepo ilibomolewa ikajengwa nyingine? Hati inazungumza ardhi. Jengo uliza mahali pengine.

Nyaraka za Taifa na za nje

Nyaraka za Taifa ziko Upanga, Dar, mtaa wa Vijibweni. Mafaili ya Kijerumani yamewekewa herufi G, ya Mwingereza yako ya sekretarieti, yaani makao makuu ya serikali ya kikoloni, na ya mikoa na wilaya, na kuna vile vitabu vya wilaya ambavyo ma-DC, wakuu wa wilaya wa Kiingereza, walikuwa wanaandika habari za eneo lao, mila, machifu, majengo, maliwali. Kwa nyumba moja ya mtu wa kawaida vitabu hivyo vinatoa kidogo, kwa jengo la umma kama shule, hospitali, mahakama au boma vinatoa vingi. Nenda na kitambulisho na barua ya utambulisho, na uliza ada na taratibu kabla hujapanda basi.

Ya Kijerumani yana ugumu wake, mengi yameandikwa kwa mkono kwa mwandiko wa zamani uitwao Kurrent ambao hata Mjerumani wa leo anaushangaa. Kuna programu ya Transkribus inayojaribu kuusoma, inasaidia, ila majina ya Kiswahili na Kihindi inayaharibu vibaya sana, kwa hiyo ukiwa na jina tayari kutoka kwa mzee unaweza kulitambua hata likiandikwa kwa tahajia ya ajabu. Rudi kwenye nilichosema mwanzo, jina kwanza.

Watu wa Bagamoyo wana vituo viwili ambavyo watu wa Tanga hawavitegemei sana. Zanzibar ni kimoja. Pwani hii ilikuwa ya Sultani, Wajerumani waliikodi 1888 na 1890 Sultani akalipwa mark milioni 4 aiachie kabisa. Nyumba ya mawe ya miaka ya 1870 Bagamoyo mwenyewe huenda alikuwa Mhindi aliyekuwa chini ya ulinzi wa Mwingereza, mikataba yake, madeni yake na rehani zake ziliandikishwa Zanzibar kwa balozi wa Kiingereza. Kwa hiyo anayetafuta nyumba ya Mtaa wa India akaishia Dar tu ameacha upande mzima wa bahari. Chukua mfano wa Sewa Haji Paroo, tajiri wa misafara aliyefariki 1897, jina lake limetawanyika kwa Wajerumani, kwa mapadre na Zanzibar pia.

Kituo cha pili ni misheni. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo 1868 na walikuwa waandishi wa kila siku, nani kaja, mvua imenyesha, moto umewaka mjini, msafara umeondoka. Wengi walikuwa Wafaransa na wanaotoka Alsace kwa hiyo maandishi ya miaka ile ni Kifaransa. Ukipita pale makumbusho yao wape heshima yao, eleza unatafuta nini, na uwe na mwaka wa kukisia, sio "nataka kila kitu".

Na siku hizi huhitaji kupanda ndege. Nyaraka za Wizara ya Makoloni ya Ujerumani ziko Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Ujerumani, mjini Berlin chini ya alama R 1001, na sehemu kubwa imeskaniwa unaisoma bure mtandaoni. Tanga ilikuwa na gazeti lake la walowezi, Usambara-Post, lenye matangazo ya maduka, hoteli, minada, wanaohama. Kwa nyumba ya katikati ya mji wa Tanga mimi ningetafuta kwenye matangazo kabla ya kwenye mafaili ya serikali, manake mwenye duka alikuwa analipia kusema yuko mtaa gani.

Picha nitazisema haraka. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt ina mkusanyo mkubwa wa picha za kikoloni mtandaoni, na picha za Walther Dobbertin, mpiga picha Mjerumani wa enzi hizo, ziko kwenye tovuti ya picha za bure ya Wikimedia Commons tangu Bundesarchiv ilipozitoa 2008. Picha inakwambia jengo lilikuwepo na paa lilikuwa la aina gani, basi. Angalia maelezo yaliyoandikwa chini kwa wasiwasi, mitaa imechanganywa mara nyingi. Ramani za zamani za 1:300,000 ambazo watu wanasambaziana wala usihangaike nazo kwa nyumba moja, kwenye ramani hiyo mji mzima ni alama ndogo.

Nyumba yenyewe

Njia hii ni ya bure na nasikitika watu wanaikimbilia mwisho, tena wakati fundi ameshapiga plasta ya simenti. Kabla hujakarabati chochote, tembea na tochi na futikamba.

Angalia upana wa vyumba. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa zilipauliwa kwa boriti za mikoko, na boriti hizo zinabeba vizuri kama mita mbili na nusu hadi tatu, ndo sababu vyumba ni virefu na vyembamba. Ukikuta chumba kipana cha kisasa chenye nondo au mihimili ya chuma juu, hiyo sehemu ni ya baadaye au ni ya mjenzi mwingine, na mhimili wa chuma unaweza kuwa na jina la kiwanda lililobonyezwa ubavuni. Vigae vyekundu vya Mangalore navyo vina muhuri kwa chini, geuza kimoja kilichoanguka usome. Ukuta wa matumbawe unakaribia nusu mita, ukikuta ndani ya nyumba hiyo hiyo ukuta mwembamba wa tofali ujue kuna aliyegawa chumba.

Mlango wa nakshi angalia juu. Kuna iliyochongwa aya pamoja na mwaka wa Hijria kwa tarakimu za Kiarabu. Hesabu ya haraka, zidisha mwaka kwa 0.97 ongeza 622, kwa hiyo 1315 inakuja 1897. Ila huo ni mwaka wa mlango, milango inahama, imeuzwa, imepewa zawadi, imetolewa nyumba iliyoanguka ikawekwa nyingine. Angalia kama fremu imekaa kwenye ukuta vizuri au imejaziwa. Na tafadhali, kwa wenye nyumba, milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940 inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, akija mtu na pesa za haraka haraka anataka mfaa tu (ule mti wa katikati ya mlango) au fremu, jibu ni hapana, na ofisi ya Mambo ya Kale iko pale pale Bagamoyo uwaulize.

Bagamoyo kuna kipimo kingine, vita ya Abushiri dhidi ya Wajerumani ya 1888 na 1889. Mji uliharibiwa vibaya kwa mizinga na moto, kwa hiyo mtu akisema nyumba yake ni ya kabla ya hapo tafuta dalili, ukuta wa chini wa zamani na wa juu mpya, mawe yaliyotumika mara ya pili, milango iliyozibwa.

Sasa uchague nini

Kama una wikiendi moja tu, chukua nyumba yenyewe asubuhi na wazee jioni baada ya alasiri, mengine acha. Kama una kesi ya mirathi au unataka kununua, ofisi ya ardhi ndo ya kwanza bila mjadala na simulizi zinasubiri, maana hakimu atataka karatasi. Kama unataka kuandika historia ya familia, wazee, kisha masanduku ya nyumbani, na nyaraka za Dar baada ya hapo kabisa. Kama ni jengo la umma, shule au hospitali, geuza mpangilio, nyaraka mbele, isipokuwa msikiti na nyumba za wakfu, huko anza na imamu na wasimamizi wa wakfu kabla ya mtu yeyote, kwa adabu na kwa ratiba yao. Kama uko mbali, Dar au Muscat au London, anza na picha na yale ya mtandaoni, halafu mtume kijana wa familia kwa bibi akiwa na maswali yako mkononi.

Ningekuwa na nyumba Tanga na pesa kidogo, ningelipia upekuzi wa ardhi na kuuliza kama iliwahi kuwa ya Msajili. Ningekuwa nayo Bagamoyo hizo hizo pesa ningeziweka kwenye nauli ya boti ya Zanzibar, baada ya kupata jina.

Na vikigongana? Mzee anasema nyumba alijenga babu yake, hati inasema alinunua 1934. Kwenye mauziano na tarehe naifuata hati, ila sitamwambia mzee amekosea, namuuliza tena kwa upole "babu aliikuta ikoje alipoingia?", na mara nyingi hapo ndo unapata kwamba babu alinunua gofu, akapandisha ghorofa, akaweka paa, yaani kwa macho ya wajukuu alijenga kweli. Yaandike yote mawili, nani kasema na siku gani, hati namba ngapi, na nakala moja mwachie yule mzee au wanawe.